Seva imegoma kuwaka, na wateja wanaendelea kulipa

Mteja wa Kakamega amechagua viatu kwenye tovuti yako, ameweka PIN, na ujumbe wa kuthibitisha malipo umeingia kwenye simu yake. Pesa imetoka. Lakini ukurasa wa duka lako unazunguka tu, halafu unaandika kwamba tovuti haipatikani. Anajaribu tena. Dakika tano baadaye anakupigia, na sauti yake si nzuri.

Hapa kuna mambo mawili, na ni vizuri uyatenganishe mapema. La kwanza ni pesa yenyewe. Hiyo iko salama, kwa sababu malipo hufanyika kati ya simu ya mteja na mfumo wetu, hayapitii ndani ya seva yako. La pili ni habari ya hiyo pesa. Malipo yakikamilika, mfumo wetu hutuma taarifa kwenye anwani uliyotupa ulipojiunga, na anwani hiyo iko kwenye seva yako. Seva ikiwa imelala, taarifa inabisha hodi na hakuna wa kufungua. Duka linabaki halijui kwamba limelipwa.

Somo la leo ni la yule mfanyabiashara ambaye amekodi seva ndogo ya Linux, fundi aliyemwekea ameenda ushago na hashiki simu, na oda zinaendelea kuingia. Tutatumia mfano wa Ubuntu na Nginx kwa sababu ndivyo maduka mengi madogo yamewekwa. (Wengi wetu huisoma "nginksi". Wenyewe huitamka "enjini eksi". Ukimpigia mtu wa IT, ataelewa yote mawili.) Kama yako inatumia Apache, mwendo wa kufikiri ni uleule, majina tu ndiyo yanabadilika.

Kabla hujagusa chochote

Kitu cha kwanza ambacho vidole hutaka kufanya ni kuwasha seva upya, mara moja, mara mbili, mara tano. Cha pili ni kuiondoa Nginx na kuiweka upya. Tafadhali usifanye hicho cha pili. Ukiiondoa kwa amri ya `apt purge`, faili zake za mipangilio zinaondoka nayo, pamoja na zile zinazosema taarifa za malipo zipelekwe wapi ndani ya tovuti yako. Ulikuwa na tatizo moja, sasa una mawili, na la pili ndilo kubwa.

Ingia kwenye seva, ufanye nakala ya mipangilio jinsi ilivyo, hata kama imeharibika:

`sudo cp -a /etc/nginx /root/nginx-kabla`

Inachukua sekunde moja. Sasa hata ukikosea mahali, unaweza kurudi ulipoanzia.

Seva imeshasema inaumwa wapi

Hii ndiyo sehemu ambayo watu huiruka, na kwetu sisi ndiyo somo lenyewe. Nginx haigomi kimya kimya. Ikikataa kuwaka, karibu kila mara huandika sababu, jina la faili na hata namba ya mstari. Kazi yako ni kuisoma kabla ya kubahatisha.

Anza na hii:

`sudo systemctl status nginx`

Tafuta mstari unaoanza na neno `Active`. Ukiona `active (running)`, Nginx imewaka na tatizo liko kwingine. Ruka uende kwenye sehemu ya "Imewaka, lakini". Ukiona `failed`, endelea hapa. Ukiona `inactive (dead)`, haijaanguka, imezimwa tu, labda na mtu, na pengine `sudo systemctl start nginx` inatosha. Kutoka kwenye ukurasa huo bonyeza herufi `q`. Tunaitaja kwa sababu tunajua kuna mtu amekwama hapo saa hii.

Mistari ya chini ya ukurasa huo mara nyingi imekatwa. Ili uone habari nzima:

`sudo journalctl -u nginx -n 50 --no-pager`

Hiyo inaleta mistari 50 ya mwisho ya kumbukumbu za Nginx, pamoja na saa. Iandike saa ya kosa la kwanza kwenye karatasi. Utaihitaji baadaye tukifika kwenye pesa.

Halafu iambie Nginx ijikague yenyewe bila kuwaka:

`sudo nginx -t`

Usisahau `sudo`. Ukiiacha, utapata kosa linalosema `Permission denied` kuhusu faili ya kumbukumbu, na utapoteza nusu saa ukirekebisha ruhusa ambazo hazikuwa na shida. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika kwenye faili hizo, basi. Si hitilafu.

Sasa kuna majibu mawili. Ama inakuambia `test is successful`, ama inakupa mstari wenye neno `[emerg]`. Majibu haya yanakupeleka njia tofauti kabisa.

Ikitoa [emerg]: kuna neno limekosewa

Tuseme umeona hivi:

`nginx: [emerg] invalid number of arguments in "root" directive in /etc/nginx/sites-enabled/duka:15`

Soma kutoka nyuma. Faili ni `duka`, mstari ni wa 15, na kinacholalamikiwa ni agizo la `root`. Unafungua faili, unaenda mstari wa 15, na unakuta hauna neno `root` hata kidogo. Agizo la `root` liko mstari wa 14. Hapa wengi huamua kwamba seva inadanganya.

Haidanganyi. Kila agizo la Nginx lisilofungua mabano huishia na alama ya `;`. Ukiisahau mwisho wa mstari wa 14, Nginx inaendelea kusoma ikidhani mstari wa 15 ni muendelezo wa agizo lilelile, na inashtuka inapofika kwenye `;` ya mstari wa 15. Inataja mahali iliposhtukia, na kosa liko juu yake. Kwa hiyo kanuni yetu hapa ofisini: ukipewa namba ya mstari, angalia huo na ulio juu yake.

Ukiona `unexpected "}"`, mara nyingi ni kosa hilohilo la `;` iliyosahaulika, ila safari hii kwenye mstari wa mwisho kabla ya mabano kufungwa. Ukiona `unexpected end of file, expecting "}"`, umefungua mabano mahali na hukuyafunga.

Ili kufungua faili na kuona namba za mistari, tumia:

`sudo nano -l /etc/nginx/sites-enabled/duka`

Kuna jingine ambalo linatesa watu wenye nia nzuri kabisa. Mtu anataka kubadilisha mipangilio, na kwa busara anafanya nakala kwanza: anaiita `duka.bak`. Lakini anaiacha ndani ya folda ileile ya `sites-enabled`. Kwenye Ubuntu, Nginx husoma kila faili iliyo ndani ya folda hiyo, haijali jina linaishaje. Sasa inasoma duka lako mara mbili. Kama faili hiyo ina neno `default_server`, itagoma na kusema `a duplicate default server`. Hamisha nakala nje ya folda na tatizo limekwisha. Ndiyo maana sisi tulikuambia uweke nakala yako kwenye `/root`.

Na ukikuta `host not found in upstream`, Nginx imeambiwa ipeleke wageni kwa kompyuta fulani kwa jina, na ilipouliza jina hilo liko wapi haikujibiwa. Jina linaweza kuwa limekosewa herufi, au mtandao wa seva ulikuwa haujatulia Nginx ilipoamka. Jaribu kuiwasha tena kabla ya kubadilisha chochote. Ikikubali, lilikuwa la pili.

Lakini mbona jana ilikuwa inafanya kazi?

Hili swali linastahili jibu, maana ndilo linalofanya watu wasiamini kinachoandikwa kwenye skrini. "Sijagusa kitu" mara nyingi ni kweli. Hujagusa wiki hii.

Nginx ikiwa imewaka na ukabadilisha mipangilio kisha ukaiambia isome upya kwa `reload`, kwanza inakagua kama mipangilio mipya iko sawa. Ikiwa ina kosa, inaikataa na kuendelea na ile ya zamani iliyo kichwani mwake. Tovuti haizimi. Wateja hawaoni tofauti. Mwezi mzima unaweza kupita huku faili iliyoharibika imekaa pale ikingoja.

Halafu siku moja stima inapotea ofisini, au kampuni uliyokodi seva inawasha mashine zake upya, au Ubuntu inajisasisha. Nginx inazimika, ile mipangilio ya kichwani inapotea, na ikiamka inalazimika kusoma faili. Hapo ndipo kosa la mwezi uliopita linajitokeza, usiku wa Jumamosi.

Kwa hiyo unapomuuliza fundi, usimwulize nini kimebadilika leo. Mwulize nini kimebadilika tangu seva iwashwe mara ya mwisho. Na tarehe za faili unaweza kuziona mwenyewe:

`ls -lL --time-style=long-iso /etc/nginx/sites-enabled/`

Ikisema iko sawa lakini bado inagoma: kuna mtu amekalia kiti chake

Hii ndiyo njia ya pili, na ndiyo inayochanganya zaidi. `nginx -t` inasema `test is successful`, unawasha, inaanguka. Kwenye kumbukumbu unakuta:

`bind() to 0.0.0.0:80 failed (98: Address already in use)`

Mstari huo utaurudiwa mara tano, halafu mwishoni `still could not bind()`. Nginx inajaribu, inangoja nusu sekunde, inajaribu tena, mpaka inachoka.

Fikiria poti kama namba ya kibanda pale Gikomba. Tovuti za `http` huuza kwenye kibanda 80, za `https` kwenye kibanda 443. Kibanda kimoja, muuzaji mmoja. Ukifika asubuhi ukakuta mwingine ameshatandika bidhaa zake, huwezi kutandika juu yake. Na kwa nini ukaguzi haukuliona hilo? Kwa sababu `nginx -t` inakagua maandishi, na ikikuta poti imekaliwa inanyamaza, maana kwa kawaida aliyekalia ni Nginx yenyewe iliyowaka. Kwa hiyo ukaguzi ukipita na kuwasha kukashindwa, poti ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Mtafute aliyeketi:

`sudo ss -ltnp | grep -E ':(80|443) '`

Mwisho wa kila mstari utaona jina la programu. Mara nyingi sana jina hilo ni `apache2`, na mwenye duka anaapa kwamba hajawahi kuweka Apache. Anasema kweli. Kwenye Ubuntu, mtu akiandika `apt install php` peke yake, bila kutaja aina ya PHP anayoitaka, Apache huletwa kama kifurushi cha kusindikiza. Siku hiyo Apache inajaribu kuwaka, inakuta Nginx iko kwenye kibanda 80, inashindwa, na hakuna anayejali kwa sababu tovuti inaendelea. Lakini imeshaandikishwa kwamba seva ikiwashwa, nayo iamke. Siku seva inapowashwa upya ni mbio za nani afike kwanza. Apache ikishinda, Nginx inabaki nje.

Dalili yake unaweza kuiona kwenye simu: anayefungua tovuti yako kwa `http` anakuta ukurasa wenye maneno "It works!", na anayekuja kwa `https` anakataliwa kabisa, kwa sababu Apache mpya haijafundishwa kibanda 443. Taarifa zetu za malipo huja kwa `https`. Hizo nazo zinakataliwa.

Kabla ya kuifukuza Apache, hakikisha hakuna anayeitegemea. Angalia `ls /etc/apache2/sites-enabled`. Ukikuta `000-default.conf` peke yake, Apache haina tovuti ya mtu. Ukikuta jina la tovuti nyingine, simama na umngoje fundi, kwa sababu mashine hiyo ina kazi mbili na mtu lazima aamue nani anakaa mbele. Kama ni ile moja tu:

`sudo systemctl disable --now apache2`

`sudo systemctl start nginx`

Hiyo ya kwanza inaizima na kuifuta kwenye orodha ya wanaoamka seva ikiwashwa. Ukiizima tu bila `disable`, tutaonana tena stima ikipotea.

Mara chache `ss` itakuonyesha kwamba aliyekalia poti ni `nginx` yenyewe, ilhali `systemctl` inasema imeanguka. Mtu aliiwasha kwa mkono, akaandika `sudo nginx`, kwa hiyo msimamizi wa mfumo haitambui. Iambie iondoke kwa heshima, `sudo nginx -s quit`, kisha iwashe kwa njia ya kawaida.

Na kama umejaribu kuwasha mara nyingi haraka haraka, utaona `Start request repeated too quickly`. Huo si ugonjwa mpya. Mfumo umechoka na wewe kidogo. Andika `sudo systemctl reset-failed nginx`, rekebisha sababu yenyewe, ndiyo ujaribu tena.

Cheti na diski

Cheti cha usalama kinaleta mkanganyiko. Cheti kilichoisha muda hakizuii Nginx kuwaka. Itawaka vizuri tu, ila vivinjari vya wateja vitaonya, na mfumo wowote makini, wetu ukiwemo, utakataa kutuma taarifa kwenye anwani hiyo. Kinachozuia kuwaka ni cheti ambacho hakipo pale mipangilio inaposema kipo (`cannot load certificate`), au cheti na ufunguo wake visivyolingana (`key values mismatch`). Hutokea pale mtu anapofuta cheti cha zamani bila kugusa mipangilio, au anapohamisha tovuti kwenda seva mpya na kusahau folda ya `/etc/letsencrypt`. Kama unatumia Let's Encrypt, andika `sudo certbot certificates` uone ulivyo navyo na vinaisha lini. Vyeti hivyo vimekuwa vikidumu siku 90, kwa hiyo kama kuvihuisha kunafanywa kwa mkono, kuna siku itasahaulika.

Diski kujaa ni ugonjwa wa polepole. Angalia kwa `df -h`, na pia `df -i`, kwa sababu diski inaweza kuwa na nafasi lakini imeishiwa idadi ya faili inazoweza kushika. Nginx yenyewe pengine itawaka diski ikiwa imejaa. Hifadhidata yako ndiyo itakayogoma. Na ukihariri mipangilio wakati diski imejaa, faili inaweza kuhifadhiwa ikiwa tupu, ndiyo maana tunaangalia diski kabla ya kuhariri.

Ukitafuta cha kufuta, tunakuomba kitu kimoja: usianze na `/var/log/nginx`. Faili za `access.log` mle ndani zinaonyesha ni taarifa gani za malipo zilifika kwenye duka lako na saa ngapi. Huo ni ushahidi wako. Anza na `sudo apt clean`, kisha `sudo journalctl --vacuum-size=200M` ukishasoma kosa na kunakili ile saa. Kama lazima uguse kumbukumbu za Nginx, zinakili kwenye kompyuta yako kwanza. Wala usiifute folda yenyewe, maana isipopata `/var/log/nginx` Nginx itagoma kwa sababu hiyo mpya.

Kwa wanaotumia Rocky au AlmaLinux, kuna mlinzi wa ziada anayeitwa SELinux. Akikataa Nginx kutumia poti isiyo ya kawaida, kosa litasema `Permission denied` hata kama umeandika `sudo`. Utaona watu wakishauri umzime kabisa. Kwenye seva inayoshughulikia malipo, hapana. Fundi anaweza kuongeza poti hiyo kwenye orodha yake kwa amri ya `semanage`.

Imewaka, lakini

`Active: active (running)`. Vizuri. Usishangilie bado.

Kwenye seva yenyewe andika `curl -I http://127.0.0.1`. Ukipata jibu lolote lenye namba, Nginx inasikia. Halafu toa simu yako, zima WiFi ya ofisi, fungua tovuti kwa data. Ndani inajibu na nje haijibu? Angalia ukuta wa moto kwa `sudo ufw status`. Kama umewashwa na hautaji Nginx, ruhusu kwa `sudo ufw allow 'Nginx Full'`.

Ukiona `502 Bad Gateway`, Nginx iko hai ila programu ya duka iliyo nyuma yake imelala. Ni kama mlinzi yuko getini lakini mwenye nyumba hayupo. Programu hiyo nayo ina jina lake kwenye `systemctl`, na unaikagua kwa hatua zilezile: hali, kumbukumbu, ndiyo uguse. Taarifa zetu zikikutana na 502 zinahesabika kuwa hazijapokewa, kwa hiyo kwa upande wa oda bado hujapona.

Sasa, zile oda

Hapa ndipo fundi anaondoka na wewe unabaki na wateja. Chukua ile saa uliyoandika kwenye karatasi. Kuanzia hapo mpaka seva ilipowaka ndiko kwenye pengo.

Ingia kwenye akaunti yako ya mfanyabiashara kwetu, pakua taarifa ya malipo ya muda huo, na uilinganishe na oda ambazo duka linasema hazijalipwa. Linganisha kwa namba ya muamala. Jina na kiasi havitoshi, kwa sababu wateja wawili wanaweza kulipa shilingi 1,500 ndani ya dakika moja, na mmoja anaweza kulipa kwa simu ya mumewe.

Ukikuta muamala upo na oda haijawekewa alama, iweke alama wewe, kisha mtumie mteja ujumbe mfupi kabla hajakupigia. Usimwambie alipe tena "halafu tutakurudishia". Kuna wengine watakuwa wameshalipa mara mbili kwa hofu; hao utawaona kwa namba moja ya simu yenye miamala miwili ya kiasi kilekile iliyofuatana. Wapigie wewe kwanza. Mteja aliyerudishiwa pesa kabla ya kuidai huwa anawaambia watu.

Kuna wa tatu, na huyo ndiye wa kuangalia kwa makini. Habari ikisambaa kwamba mfumo wako uko chini, mtu anaweza kukuletea picha ya ujumbe wa malipo na kusema, "Si unaona nimelipa, nipe mzigo." Ujumbe wa simu unaweza kuigizwa na mtoto wa shule. Kama namba ya muamala haimo kwenye taarifa yako ya malipo, bidhaa haitoki, hata kama foleni imefika barabarani. Mwambie kwa upole kwamba unaangalia kwenye akaunti, na uangalie kweli.

Jambo la kumwachia mtu wako wa IT akirudi kutoka ushago: taarifa moja ya malipo inaweza kufika kwenye duka lako mara mbili, hasa seva ikiwa inazima na kuwaka. Programu ya duka iwe inakumbuka namba za miamala iliyokwisha kuzipokea, ili ya pili isitoe mzigo wa pili. Na kila anapobadilisha mipangilio aandike hivi, mstari mmoja:

`sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx`

Ukaguzi ukishindwa ataona kosa papo hapo, akiwa bado amekaa mbele ya kompyuta na anakumbuka alichobadilisha.

Ukikwama kabisa, tuandikie kupitia kitufe cha msaada kwenye akaunti yako. Tutumie maneno kamili ya kosa jinsi yalivyo kwenye skrini (yanakili, usiyafupishe), saa lilipoanza, na namba moja ya muamala ambao haukufika. Seva yenyewe hatuwezi kuingia kuirekebisha, lakini tutaweza kuangalia mfumo wetu ulipata jibu gani ulipobisha hodi kwako. Usitutumie nenosiri la seva, PIN, wala faili ya `privkey.pem`, na akipiga mtu akisema ni sisi na anazihitaji ili akusaidie, kata simu.